Kiti cha Mkwe Mlangoni

Sehemu ya Tisa

Kikohozi kilisikika mara mbili. Miguu ya kiti ikakwaruza udongo nje ya mlango wa jiko. Tusekile akajua amefungwa.

Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita, ameshika ufagio, roho juu. Mlango wa jiko lile hauna kufuli. Hauna hata komeo. Ni mbao tatu na bawaba moja iliyolegea, na kuku akitaka kuingia anausukuma kwa kifua. Lakini nje yake alikuwa ameketi Mzee Ambindwile, baba mkwe wake, na katika nyumba ile ya Lupepo hakuna kufuli gumu kuliko hilo.

Wapo wakwe siku hizi wanaopeana mikono na wakamwana wao katikati ya soko la Tukuyu, wakacheka, wakaagana. Mzee Ambindwile si wa hao. Yeye alilelewa kwamba baba mkwe na mkamwana hawatazamani usoni, hawapishani njiani, hawagusani. Akikaribia anakohoa. Mkamwana akisikia kikohozi anajificha. Mzee akiwa na neno, anauambia ukuta, na mkamwana anasikia akiwa upande wa pili. Hiyo si chuki. Ni heshima, na nyumba nyingi zimesimama juu yake.

Kwa miaka sita ya ndoa Tusekile aliivunja heshima hiyo mara moja. Mwaka jana, siku ya ubatizo wa mtoto wa jirani, aliingia sebuleni akiwa amelewa gongo, akampa mzee mkono, akamwita jina lake, kisha akakaa juu ya kiti chake akicheka. Ukoo mzima ulikaa kikao. Aibu ile ndiyo iliyompeleka Nyumba ya Subira kule Kyimo, ambako wanawake wanaotaka kuachana na pombe hutibiwa.

Leo ilikuwa siku yake ya tisini na mbili bila tone.

Sasa tazama mtego ulivyotegwa. Alikuwa amepewa ruhusa ya siku tatu kwa sababu mumewe, Lutufyo, alipiga simu kwamba mama mkwe yu mahututi. Alipofika Ijumaa, mama mkwe hayupo. Yuko Isongole kwenye msiba, mzima wa afya, anapika ugali wa waombolezaji. Na sheria ya Nyumba ya Subira ni moja: Jumapili saa kumi na moja jioni uwe umepita getini. Usiporudi, kitanda chako anapewa mwingine, na wanaosubiri ni wengi.

Leo ndiyo Jumapili. Akibaki jikoni, amepoteza kitanda. Akitoka akapita mbele ya mzee, ukoo utasema, mnaona, amelewa tena.

Huko nje sauti ya Lutufyo ilikuwa tamu kama ya mtoto mwema.

"Hapa pazuri, baba. Utapata jua."

"Jua gani?" mzee akauliza. "Ukungu umefika kwenye mgomba."

"Litatoka tu. Fimbo nipe mimi, nikaipigilie msumari, imelegea chini."

"Lutufyo, bila fimbo sisimami. Nyonga yangu unaijua."

"Sikawii, baba."

Kisha Lutufyo akaruka magoti ya baba yake, akaingia jikoni kwa kuinama. Ni mwanaume mrefu, mchuuzi wa viazi, mwenye maneno mengi na koti la ngozi. Mkononi alikuwa na chupa kubwa ya maji ya dukani. Ndani yake hamkuwa na maji.

"Umeamkaje, mke wangu?"

"Begi langu liko wapi?"

"Begi la nini, na hapa ni kwako?"

"Lina dawa zangu. Huwa nameza asubuhi baada ya sala. Sasa ni saa tano."

"Nimeziona. Nikasema alaa, kumbe huko Kyimo mnafundishana mengi."

"Ni dawa za kinga, Lutufyo. Nilikueleza Ijumaa, ndiyo maana nikaomba kulala chumba cha wifi. Twende tukapime wote wawili. Tukishajua tulivyo, nitakaa na wewe kwa amani."

"Mimi napima viazi," alisema Lutufyo. "Damu nawaachia mbu."

Akaiweka chupa juu ya jiwe la kusagia, mahali ambapo Tusekile asingeweza kuacha kuiona.

"Baridi ikizidi, joto liko hapo."

"Niondolee."

"Sijakulazimisha. Chupa haina mikono, haitakufuata."

"Kwa nini unanifanyia hivi?"

Lutufyo akatabasamu, lakini macho yake yalikimbia. "Nakurudisha nyumbani. Mke wangu hawezi kulelewa na wanawake wenzake kama yatima."

Akatoka. Pikipiki ikawaka, ikashuka kuelekea barabarani, ikanyamaza.

Wakabaki watatu: mwanamke jikoni, mzee kitini, na chupa juu ya jiwe.

Jiko lile na banda la ng'ombe vimeachana kwa kipenyo chembamba cha mtu mmoja. Ndiyo njia pekee ya kutokea. Nyuma ni genge, na dirisha ni tundu lenye nondo mbili. Kiti kilikuwa katikati ya kipenyo. Hata mzee angefumba macho, Tusekile asingepita bila kugusa magoti yake.

Lutufyo alikuwa amepima. Si damu, lakini alikuwa amepima.

Saa saba hivi uso ulitokea kwenye tundu la dirisha. Alikuwa Prisca, wifi yake, ametoka ibadani na kitambaa cha kwaya bado shingoni. Alipitisha sahani ya ndizi za kupika kati ya nondo.

"Kula, wifi. Kaka kasema usife njaa."

"Prisca, mdogo wangu, nisogezee baba nipite."

"Nimbebe kwa mikono gani? Na kaka akirudi anibebe mimi?" Prisca akaegemea ukuta. Akashusha sauti. "Halafu wifi, nikuulize. Unao?"

"Ninao nini?"

"Usinichoshe. Ile chupa nyeupe. Nimeiona kwenye begi. Vidonge vile anakunywa nani kama si mwenye ugonjwa?"

Tusekile akaweka sahani chini. Swali hilo alilijua lingekuja. Alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya muuguzi Hellen, wakicheka, Hellen akijifanya wifi mkali. Sasa halikuchekesha.

"Sina, Prisca. Nilipimwa kwanza nikaonekana sina, ndipo nikapewa. Ukiwa nao hupewi hizi, unapewa matibabu yake kamili."

"Mtu mzima anameza dawa ya ugonjwa asionao?"

"Ulipokuwa na mimba ya Ackson ulikuwa na malaria?"

"Sikuwa nayo."

"Kliniki walikupa nini?"

Prisca akakunja uso. "Vidonge vitatu. Nilimeza mbele ya nesi."

"Vya nini?"

"Vya malaria." Akakaza kitambaa cha kwaya. "Sasa hiyo ni tofauti."

"Tofauti yake nini?"

"Tofauti yake... wifi, umekuwa daktari lini wewe? Mlevi wetu amekuwa daktari."

"Mlevi ndiye anayezihitaji," Tusekile akajibu taratibu. "Hellen alituuliza kila mmoja peke yake: siku ulizolewa, unakumbuka ulilala wapi? Nilishindwa kumjibu. Mwanamke aliyelewa hawezi kumwambia mtu vaa mpira. Hawezi hata kumwambia toka. Nilimshukuru Mungu mpaka nikalia, nilipoambiwa sina. Sasa pombe nimeacha, lakini nina mume anayekataa kupima. Kinga haiji kwa kidonge kimoja, inataka siku mfululizo, na ukirukaruka inapungua. Leo ni siku ya kumi na nne. Niletee ile chupa tu."

Prisca akatazama chini.

"Chupa sinayo."

"Iko wapi?"

"Nilimpa baba."

Tusekile akashika nondo. "Ulimpa baba mkwe wangu dawa zangu?"

"Nilidhani anapaswa kujua kilichoingia nyumbani kwake. Anayo sasa hivi, ameishika. Ameigeuzageuza tangu asubuhi wala hajasema neno." Kengele ya kanisa ikagonga mbali, na Prisca akashtuka kama mtu aliyepata mlango wa kukimbilia. "Kwaya inaanza saa nane. Nisamehe, wifi. Mimi sitaki ugomvi na kaka."

Uso ukaondoka kwenye tundu.

Ndipo mvua ya Tukuyu ikaanza, ile isiyo na haraka, inayojua itashinda. Moto ulikuwa umekufa. Kuni zilikuwa nje. Tusekile akajikunyata, akajifunga kitenge cha pili, bado akatetemeka. Akili yake ikaanza kumhesabia: kitanda kimekwenda, dawa zimekwenda, jina limekwenda. Mzee anaamini una ugonjwa. Wifi anakuita mlevi. Basi unalinda nini?

Chupa ilikuwa juu ya jiwe.

Hakujua alisimama saa ngapi. Alijikuta ameishika. Alijikuta ameshafungua kifuniko. Harufu ile ikaingia puani, na mwili wote ukaikumbuka: vibanda vya pombe baada ya kuchuma chai, joto la kwanza kooni, vicheko, na asubuhi zisizo na kumbukumbu. Mate yakajaa mdomoni. Ninyi mliowahi kufungwa na kitu mnajua kwamba saa kama hiyo mtu hasikii mahubiri.

Hakuomba sala ndefu. Alisema, "Bwana, mkono huu siuwezi. Ushike wewe."

Akapiga magoti, akainamisha chupa kwenye kizingiti, akaimwaga yote. Matone yakamrukia kwenye kitenge. Gongo ikapita chini ya mlango, ikashuka na mteremko, ikachanganyika na maji ya mvua miguuni pa kiti.

Huko nje mzee akavuta pumzi puani. Mara moja. Mara ya pili.

Kisha akakohoa na kusema kwa sauti ya juu:

"Wewe ndama, sikiliza."

Ndama alikuwa amefungwa kwenye mgomba, anatafuna, hana habari. Lakini Tusekile alielewa. Akasogea, akaweka sikio kwenye mbao.

"Ndama, mimi ni mzee, ila pua yangu haijazeeka. Pombe imepita hapa chini ya miguu yangu. Imemwagwa. Mlevi nimemwona, naye hamwagi. Kwa hiyo waliniambia uongo. Waliniambia humo ndani kuna mtu analewa, kisha wakaniketisha hapa."

Mvua ikapiga paa.

"Neno la pili, ndama. Hili ni langu, usilipeleke sokoni. Nimeshika chupa ya vidonge. Binti yangu amesema ni vya wenye virusi. Si kweli. Najua, kwa sababu vyangu navimeza kila siku, mwaka wa kumi na moja huu. Nafuata Mbeya, ili mtu wa hapa asinione kwenye foleni. Vyangu havifanani na hivi. Mke wangu anajua, na yeye hana, maana mimi sirukishi siku. Madaktari wamenipima wakasema virusi vimelala, havimfikii. Hivi nilivyoshika sijawahi kuviona. Nimesoma karatasi yake polepole, kiswahili chake ni kizuri. Imeandikwa kinga."

Tusekile alijiziba mdomo kwa kiganja. Machozi yalimtoka bila sauti. Kumbe mtu wa kwanza kumwamini katika nyumba ile ni yule asiyeruhusiwa kumtazama.

Lakini mzee hakuwa amemaliza.

"Neno la tatu ni zito. Mwaka jana, kule Mbeya, kwenye foleni ileile, niliinua macho nikamwona mwanangu. Naye akaniona. Alikuwa ametoka chumba cha daktari, ana chupa mkononi. Tukaogopana, ndama. Baba na mwana tukageuza nyuso kama wezi. Hatujalitaja mpaka leo."

"Lutufyo," Tusekile akanong'ona.

"Baada ya mwezi nikaikuta ile chupa imefukiwa kwenye shina la mgomba. Imejaa. Hakuwahi kumeza hata kimoja. Angemeza ningekaa kimya, ningesema anajitunza, atamtunza na mkewe. Hamezi. Hapimi na mkewe. Sasa anamzuia mkewe asirudi kunakomlinda. Nimekaa hapa tangu asubuhi najiuliza kwa nini. Mtu anayeogopa peke yake hutafuta wa kuogopa naye. Na siku yakifunuliwa, atasema ni mlevi ndiye aliyemletea, na sote tutaitikia ndiyo. Hata mimi ningeitikia."

Ndani ya jiko Tusekile alikuwa ameshika ukuta. Mtego wote sasa aliuona mpaka mwisho wake. Haukuwa mtego wa kitanda. Ulikuwa mtego wa uhai wake.

"Nimenyamaza mwaka mzima," mzee akasema, sauti imeshuka. "Kyala, Mungu wetu, anisamehe. Ndama, nitajifunika koti kichwani. Kisha nitajaribu kusimama, nijisogeze kwenye banda, ili mtu apite. Asiyenitazama hana kosa."

Tusekile alitaka kusema usisimame. Lakini mkamwana hasemi na baba mkwe. Na alipokuwa akisita, kiti kikalia, mzee akaguna, mguu ukateleza kwenye tope lile la mvua na gongo.

Akaanguka. Mlio wake ulikuwa wa kitu kizito na kikavu.

"Ndama," sauti ilitoka chini, imefunikwa na koti. "Ndama, siinuki."

Sasa mlango ulikuwa wazi kwelikweli. Kiti kimepinduka, kipenyo kimeachia, mzee amelala kando na uso wake umefunikwa. Saa ya ukutani ndani ya nyumba kubwa ikagonga saa tisa. Kutoka hapo mpaka barabarani ni mwendo wa miguu, halafu bodaboda mpaka Kyimo. Angeweza kuruka miguu yake akaenda. Asingekuwa amemtazama. Asingekuwa amemgusa. Hakuna kikao cha ukoo ambacho kingemlaumu.

Tusekile alisimama kizingitini, akaona maji ya tope yakipanda kuelekea kwenye kinywa cha yule mzee.

Akapiga magoti, akatoa koti usoni pake.

Walitazamana. Miaka sita, na ndiyo mara ya kwanza akiwa na akili zake timamu kuuona uso ule: mashavu yaliyobonyea, nyusi nyeupe, macho mekundu kwa kulia. Akapitisha mikono chini ya makwapa yake, akamwinua kama walivyofundishwa Nyumba ya Subira kumwinua mwenzao aliyezidiwa, taratibu, mgongo ukinyooka kwanza. Tope lote likahamia kwenye kitenge chake. Akamkalisha kitini.

Mzee alikuwa anatazama mikono ya Tusekile.

"Haitetemeki," alisema. Hakumwambia ndama. "Siku ile ilikuwa inatetemeka, Tusekile."

Lilikuwa jina lake. Katika kinywa kile halijawahi kutoka.

"Ndaga, baba," akashukuru, na hakujua kama alipaswa kujibu.

Mzee akafungua kiganja. Chupa nyeupe ilikuwa humo, kavu, ameikinga na tope hata alipoanguka. Tusekile akatoa kidonge, akakinga maji ya paa kwa kiganja, akameza mbele yake. Siku ya kumi na nne.

"Umeumia wapi, baba? Nikamwite mtu."

"Nyonga ni ileile, haina jipya. Prisca anatoka kwaya sasa hivi. Nenda."

"Lutufyo akikukuta..."

"Geuza kiti."

"Baba?"

"Kiti hiki tangu asubuhi kimekutazama wewe. Kigeuze kitazame barabara. Kuna mtu namsubiri."

Akakigeuza. Mzee akajifunika koti kichwani tena, heshima ikarudi mahali pake, na Tusekile akapita kwenye kipenyo.

Alikimbia. Migomba ilimpiga usoni kwa majani yaliyolowa. Barabarani alipata bodaboda ya kijana wa kanisani aliyemfahamu. Kijana akamnusa, akasogea mbele kidogo kwenye kiti. Mlima mmoja, mwingine, mashamba ya chai yamelala kijani chini ya ukungu. Njia nzima Tusekile aliomba maneno mawili tu, nifikishe, nifikishe.

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi alishuka mbele ya geti la Nyumba ya Subira.

Mama Anyelwisye, msimamizi wa nyumba, alikuwa amesimama hapo na daftari la majina. Ni mwanamke mnene, mpole, asiyeinua sauti hata siku moja. Alimwona Tusekile akatabasamu, akafungua mikono amkumbatie.

Mikono ikaishia hewani.

"Tusekile."

"Mama, nimefika. Sijachelewa."

"Tusekile, unanuka gongo."

Alijitazama. Kitenge, gauni, mikono mpaka viwiko, tope la mahali alipoanguka mzee. Lilinuka kama kibanda cha pombe siku ya mnada.

"Sijanywa, mama."

"Imekufikaje?"

"Niliimwaga."

"Aliyemwaga anajipaka mwili mzima?"

"Niliinua mtu aliyeanguka kwenye tope lake."

"Nani?"

Akatazama tope viganjani mwake.

"Tusekile, mwanangu, wanawake kumi na saba humo ndani wananitazama. Nikikuingiza na harufu hii bila maelezo, kesho wote watarudi nayo. Nieleze. Ulimwinua nani?"

"Baba mkwe wangu."

Mama Anyelwisye ni Mnyakyusa wa Lupepo hiyohiyo. Alirudi nyuma hatua moja.

"Ulimgusa baba mkwe? Tena?"

"Alianguka mlangoni kwangu, akinipisha nipite."

"Alikuwa anafanya nini mpaka akaanguka mlangoni kwako? Na kwa nini akupishe? Mzee yule namjua, hawezi kuvunja mila bure. Kuna jambo. Litaje tu, nami nitafungua."

Na hapo ndipo Tusekile alipoona kwamba ametoka jela moja ameingia nyingine. Jambo lenyewe lilikuwa siri ya mzee. Miaka kumi na moja ya kufuata dawa Mbeya ili asionekane. Hili ni langu, usilipeleke sokoni. Akilitaja, geti litafunguka. Asipolitaja, aliyemwamini peke yake katika nyumba ile ndiye atakayekuwa amemfungia nje.

Nyuma ya Mama Anyelwisye wanawake walikuwa wamejipanga barazani. Alimwona Sekela, mwenzake wa chumba, ameziba pua kwa kanga na macho yake yamejaa maji.

"Siwezi kulitaja, mama. Si langu. Nipimeni mnavyotaka, nikalisheni mnitazame mpaka kesho, lakini hilo siwezi."

Mama Anyelwisye akainamisha kichwa. Kalamu ilikuwa juu ya jina lake.

"Kipimo cha pombe hapa hatuna. Basi na mimi siwezi, mwanangu."

Akashika geti, akaanza kulisogeza. Chuma kikalia kwenye reli yake. Nafasi ikabaki ya mwili mmoja, kisha ya nusu mwili.

Pikipiki ikapanda kilima.

Ilikuja taratibu, kama inayobeba mayai, ikasimama kando ya Tusekile. Nyuma alikuwa ameketi mtu aliyejifunika koti lenye tope kichwani mpaka kifuani. Mkono mmoja umeshika fimbo. Mkono wa pili umekamata ukosi wa dereva, umeukamata hasa, kama mtu anavyokamata kamba ya ng'ombe anayejua njia ya kutorokea.

Geti likasimama. Tusekile akageuza uso, kama apasavyo mkamwana.

Mzee Ambindwile akakohoa mara mbili.

"Wewe geti," akasema, "sikiliza."

Ndipo dereva akavua kofia yake ngumu. Alikuwa Lutufyo, na katika kiganja chake, kilichotetemeka kuliko cha mlevi yeyote, kulikuwa na chupa nyeupe yenye udongo wa shina la mgomba, imejaa mpaka juu.